Hutafika Kwetu Jumanne?

Kahawa iliyoiva ikidondoka kwenye ndoo haina kelele. Inasema pu, basi. Mbichi ndiyo inayogonga, inasema ko. Ukiishi na kahawa tangu ulipoolewa hadi unapoitwa bibi, sauti hizo unazisikia hata ukiwa unasonga ugali, na hujui kama unazisikia.

Mume wangu, Egidi, hakuwahi kuzijali sauti hizo, maana alikuwa mtu wa macho. Alikuwa akichuma huku anapiga hadithi, vidole vinakwenda vyenyewe kwenye nyekundu vinaacha za kijani. Kisha mtoto wa jicho akamwingia, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia. Mwanzoni alisema ni moshi wa jikoni. Baadaye akasema ni ukungu, na kwetu huku Namswea ukungu haukosekani, kwa hiyo tukamwamini kuliko ilivyostahili. Siku alipomwamkia shikamoo mwanafunzi wa darasa la tano akidhani ni katekista, ndipo tulipojua. Yule mtoto naye, kwa woga, akaitikia marahaba.

Tulimwambia aende hospitali. Mwanetu Dastan alimwambia, paroko alimwambia, mimi nilimwambia mara moja, nikarudia, halafu nikaacha. Nimeishi naye. Egidi ni kama mbuzi mlangoni, unavyomvuta mbele ndivyo anavyokaza miguu. Na alikuwa na jibu lake lililokwisha kuiva.

"Jicho si jino," alikuwa akisema. "Jino likiharibiwa unabaki na mengine."

Watu wakicheka, yeye hakucheka. Nilijua anaogopa. Nilijua pia kwamba neno hilo, kuogopa, halitatoka kinywani mwake hata siku moja, kwa hiyo sikumtafutia.

Kilichomgeuza ni ile sauti ya ko.

Alikuwa bado anachuma. Shambani hakupotea, maana mashimo ya ngolo, yale tunayochimba mlimani kuzuia udongo usisombwe, aliyachimba mwenyewe, miguu yake inajua kila ukingo wa shimo. Akasema vidole vyake vinaitambua kahawa iliyoiva kwa ulaini wake, na kweli, nyingine alizipata. Tukirudi anaweka kikapu chake barazani, anaenda kunawa. Hapo Ephrasia, mke wa Dastan, anakichukua kile kikapu, anakwenda nacho nyuma ya jiko, anachambua upesi upesi, mbichi anazitupa kwenye ndoo, kisha anakirudisha pale pale kilipokuwa. Hakuna aliyemtuma. Ni mkwe mwenye adabu, hakutaka baba mkwe aaibike kwenye mashine ya kumenyea mbele ya majirani.

Siku moja mtungi haukuwa na maji. Egidi akageuka kabla ya wakati wake. Akafika kwenye kona ya jiko, akasimama na fimbo yake. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la maharage, nikamwona anasikiliza. Ko. Ko. Pu. Ko.

"Nani anachambua?" akauliza.

"Mimi, baba."

"Kikapu cha nani?"

Mkono wa Ephrasia ulikuwa umebaki hewani na punje ya kijani.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kuchuma, baba."

Alikaa kwenye kigoda, akaiweka fimbo magotini. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Tulikula. Alipomaliza akanawa, akafuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja, akasema:

"Mama Dastan, ile kambi ya macho iliyotangazwa kanisani ni lini?"

Kutoona alikwisha kuzoea. Kuhurumiwa kimyakimya, nyuma ya jiko, ndiko kulikomshinda. Hakusema hivyo, nami sikumwuliza, ila nilimjibu haraka kabla neno halijapoa: kambi itakuwa ufukweni, Mbamba Bay, na Dastan anaweza kutuma jina kwa simu leo leo. Akasema, "Atume." Nikaenda kuosha vyombo, na nakumbuka niliosha sahani moja mara mbili.

Baada ya siku chache simu ikaita. Simu ya Egidi ni ile ndogo ya vitufe. Kwenye tano kuna kinundu, na kwa kinundu hicho anazijua namba zote. Mbili iko juu yake, nane iko chini, hababaiki. Akapokea, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi," ikasema sauti ya msichana, sauti nzuri, ya taratibu.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Egidi. "Hamjambo huko?"

"Hii ni simu kutoka kambi ya macho."

"Ndiyo, nakusikia. Nyumbani wazima?"

"Umepangiwa upasuaji wa jicho siku ya Jumanne. Je, hutafika kwetu Jumanne? Kama ndiyo, bonyeza moja. Kama hapana, bonyeza mbili."

"Hapana, mwanangu, nitafika, tena na mama Dastan," akasema Egidi. Akapapasa kinundu cha tano, akapanda juu, akabonyeza mbili.

"Asante. Jibu lako limepokelewa." Simu ikakata.

Egidi akaishika mkononi kidogo. "Binti ana adabu huyu," akasema. "Ila ana haraka. Hata salamu za nyumbani hajajibu."

"Labda simu ni nyingi," nikasema.

Jumatatu tulishuka. Mimi kwetu ni huko chini, Unyasani, kando ya ziwa, kwa hiyo tulifikia kwa mdogo wangu Joakim, na mke wake akatupikia samaki aina ya mbasa wa kuchemsha. Egidi alikula kidogo mno. Asubuhi alioga, akavaa koti lake la kanisani, akafunga kamba za viatu mwenyewe, akazifungua, akazifunga tena. Njiani alinishika kiwiko. Alikuwa anakibana kuliko siku zote, nami nikamwacha akibane.

Kambi ilikuwa kwenye ukumbi mkubwa karibu na ziwa. Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza kijana aliyeitwa Clemence, amevaa kitambulisho shingoni, ana kishikwambi mkononi. Pembeni yalikuwepo mabenchi, na kwenye mabenchi wazee wenzetu, ingawa si wengi kama nilivyotazamia. Nilifurahi nikidhani tumewahi.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Jina?"

"Egidi Ndunguru, wa Namswea."

Clemence akatafuta, akateleza kidole juu na chini. "Mzee, hapa umesema huji."

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe. Umejibu kwa simu."

"Sasa mimi niliyesimama hapa ni nani?"

"Nakuona, mzee wangu, lakini mfumo umeshakutoa."

"Mfumo ndiye daktari?"

Benchi zima likacheka. Clemence naye alitabasamu, hakuwa kijana mbaya. Akakigeuza kishikwambi ili Egidi ajionee mwenyewe, halafu akakumbuka kilichomleta mzee yule pale, akakirudisha kwake kwa aibu. "Wewe si wa kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu asubuhi nimewarudisha wazee wengi, wote wanasema hawakukataa. Sijui nifanyeje. Nafasi zimegawiwa wale waliosema watakuja."

Mimi nilikuwa namtazama mume wangu, si kijana. Nikaona mabega yake yanashuka. Hayakushuka kwa huzuni. Yalishuka kama ya mtu aliyebeba gunia akaambiwa gari limekuja. Kile kiwiko changu alichokuwa anakibana tangu kwa Joakim, akakiachia.

"Basi, mama Dastan," akasema, kwa upole ambao sikuupenda. "Wamesema wenyewe. Tumefika, tumeonekana. Turudi."

Nilijua tukitoka mlango ule hatutauingia tena. Mwakani angesema: nilikwenda wakanirudisha. Mwaka wa pili angesema vile vile, na kila mtu angemkubalia, kwa sababu ni kweli. Alikuwa amepewa sababu safi ya kutokuja, na hakuiomba. Kwa mtu anayeogopa hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Na mimi kumwambia "usikubali" ningekuwa namvuta mbuzi mlangoni.

"Haya," nikasema. "Turudi. Ila ngoja kwanza nipumzishe goti hili."

Goti langu halikuwa na shida. Tukakaa mwisho wa benchi, na mzee aliyekuwa pale akasogea kidogo kutupisha. Akajitambulisha: Nazari, mkulima wa kijiji cha Ruanda. Jicho moja lilifanyiwa mwaka jana, sasa amekuja kwa la pili.

"Liliuma?" akauliza Egidi. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Kuuma, hapana. Unasikia wanakugusagusa, unasikia wanaongea habari za chakula cha mchana. Shida ni kesho yake."

"Kesho yake kuna nini?"

"Wanafungua bandeji, unaona. Mimi niliona kumbe mke wangu amezeeka."

"Ukafanyaje?"

"Nikanyamaza."

Egidi akacheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya mtungi. "Sasa si bora nibaki hivi? Wangu mimi bado ni msichana."

"Nipo hapa, nasikia," nikasema.

"Anasikia," akasema Nazari. "Masikio hayazeeki, ndiyo shida yao."

Wakati bado wanacheka, pazia la chumba cha ndani likafunguliwa na muuguzi akatoa kichwa. "Babu Nazari," akaita. "Hutaingia sasa, babu yangu?"

Egidi akainua kidevu, kama anavyofanya akisikia ndege asiyemjua.

"Huyo ndiye," akasema.

"Ndiye nani?"

"Aliyenipigia simu."

Akasimama bila kunishika. "Mwanangu," akasema akielekea kule sauti ilikotoka. "Mimi ni Egidi wa Namswea. Wewe na mimi tulizungumza."

Muuguzi akaja mbele. Jina lake Ottilia, mwenyeji wa huku huku ziwani, nilimjua kwa matamshi. "Shikamoo babu. Tulizungumza wapi?"

"Kwenye simu. Uliniamkia vizuri, ila salamu za nyumbani hukujibu."

Ottilia akacheka. "Babu, ile si mimi. Yaani ni mimi, ni sauti yangu. Niliongea mara moja, wakairekodi, mashine ndiyo inayopiga."

"Kumbe," akasema Egidi. Niliona amesikitika kidogo, kwa ajili ya zile salamu. "Hata kama ni mashine, nilikujibu. Ulisema, hutafika kwetu Jumanne? Nikakwambia hapana, nitafika. Nikabonyeza mbili. Sasa kijana huyu anasema nimekataa. Mimi nikisema nakuja, nakuja."

Ottilia alikuwa ameshika sahani ya vyuma. Akaiweka mezani polepole.

"Clemence," akasema, "mbili ni nini?"

"Mbili ni hapana. Haji."

"Na moja?"

"Ndiyo. Anakuja."

"Na swali ni lipi?"

"Je, utafika?" akasema Clemence. "Ndivyo walivyoandika."

Ottilia akaweka kiganja kinywani. Alipokitoa alisema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni: "Sikulisema hivyo. Niliona ni ukali. Utafika? Kama polisi. Mtu mzima humwulizi hivyo. Nikalainisha kidogo, kama tunavyokaribisha mgeni. Hutakula kidogo? Hutapumzika? Nikasema, hutafika kwetu Jumanne? Niliona nimeongeza adabu tu."

Clemence alikuwa anasogeza midomo, analijibu swali hilo mwenyewe kwa upande huu na upande ule. Nazari ndiye aliyemaliza kwanza.

"Kwa hiyo mimi niliyebonyeza moja nimesema siji," akasema.

"Ulibonyeza moja, mzee?"

"Mwanangu ndiye aliyebonyeza. Hakusikiliza swali, alisema moja ndiyo huwa nzuri."

Hapo ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata Clemence aliyekuwa ameshika kichwa. Ottilia akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa nguo, huku anasema, nisameheni wazee wangu, nisameheni. Mimi sikucheka, nilikuwa bado nasubiri neno moja. Clemence ndiye aliyelisema, alipotulia.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Waliobonyeza moja hawajatokea tangu asubuhi. Walisema ndiyo, hatutafika. Daktari yuko ndani ananawa mikono, ananiuliza watu wako wapi. Nafasi zipo."

Nikashusha pumzi ambayo nadhani niliipandisha tangu nyumbani.

Clemence akatoka mbio barabarani, kuwaita aliowarudisha. Walikuwa hawajafika mbali, wengine wanakunywa chai kibandani, wengine wanangoja gari. Walirudi mmoja mmoja wakinung'unika kwa raha, kama watu waliothibitishiwa kwamba hawakuwa wamechanganyikiwa. Ottilia akasimama mlangoni, akamwamkia kila mmoja, na kila mmoja akamwuliza salamu za nyumbani, na safari hii akazijibu zote.

Kisha ikawa zamu ya Egidi. Sababu yake safi ilikuwa imechukuliwa. Nilimwona analijua hilo. Mkono wake ukakitafuta kiwiko changu, nikakisogeza karibu.

"Mzee, inabidi tujibu upya," akasema Clemence. "Nakusomea. Unakubali kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia? Kuna ndiyo na kuna hapana."

Egidi akapapasa vifungo vya koti lake. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele majini. Nilitazama kamba za viatu vyake. Kusema ningeweza, maneno yalikuwa yamejaa kinywani, lakini nilijua nikimsaidia nitakuwa nachambua kikapu chake nyuma ya jiko.

"Nikisema hapana," akasema mwishowe, "hicho kidude kitaniuliza kwa nini?"

"Hakiulizi, mzee."

"Na nikisema ndiyo?"

"Nayo hakiulizi."

"Basi hakina habari na mimi." Akageuza uso. "Ottilia, uko hapo? Niulize wewe. Usilainishe."

Ottilia akafikiri. "Babu, umefuata nini hapa?"

Egidi akakohoa. "Nimefuata macho, nichume kahawa yangu mwenyewe," akasema, "mkwe wangu asiwe ananificha. Ninaogopa kidogo. Lakini ndicho nilichofuata."

Neno lile lilitoka hivi hivi, dogo, katikati ya mengine, na hakuna aliyestuka isipokuwa mimi.

"Bonyeza hilo," akamwambia Clemence.

"Hilo humu halimo, mzee. Kuna ndiyo na hapana."

"Basi ndiyo. Ila wewe umesikia lote."

"Nimesikia lote."

Akataka kubonyeza mwenyewe. Akapapasa kioo akitafuta kinundu, na kioo hakina kinundu. Clemence akamshika kidole, akakiweka juu ya neno, hakukishusha. "Ndiyo ya kukubali, mzee?"

"Ya kukubali."

Kidole kikashuka. Ottilia akamshika mkono, pazia likafunguliwa likafungwa. Mimi nikabaki benchini, na sasa goti likaanza kuuma kweli.

Kesho yake walifungua bandeji. Tuliwekwa kwenye viti dirishani, ziwa liko nyuma yangu. Ottilia akatoa pamba, akalisafisha jicho, akamwambia afungue polepole. Egidi akapepesa. Akamtazama Ottilia, akatazama dari, akatazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma. Halafu akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kwenye ndala, akarudi usoni akatulia hapo.

"Unaona?" nikauliza.

"Naona."

"Mbona husemi kitu?"

"Nazari alinishauri ninyamaze."

Nilicheka nikalia, vyote pamoja, na Ottilia akaniletea kipande cha pamba ile ile.

Walimkataza vumbi na kuinama kwa wiki kadhaa, kwa hiyo aliporuhusiwa shambani msimu ulikuwa unaelekea mwisho, zimebaki zile kahawa za juu juu. Alichuma bila hadithi siku hiyo, kwa makini, analishika kila tunda kana kwamba limeletwa na mgeni. Tuliporudi akaweka kikapu chake barazani, akaenda kunawa. Ephrasia akakipita kikapu kile, akaweka na chake kando, akaingia jikoni kwangu. Alikuwa hajui mikono aipeleke wapi.

Tukasikia kutoka barazani. Ko.

Ephrasia akanitazama. Tukachungulia. Egidi ameketi kwenye kigoda, ndoo iko kati ya miguu, lakini kikapu kilicho magotini si chake. Ni cha Ephrasia.

"Mkwe," akaita, bila kugeuka. "Hizi za kijani kachuma nani?"

"Mimi, baba," akasema Ephrasia. "Nilikuwa na haraka."

"Njoo ukae, tuchambue wote."

Akaenda akakaa. Nikarudi kwenye maharage yangu, na kwa muda mrefu nikawa nawasikia huko nje wanaongea habari za mvua, huku ndoo inagonga, ko, ko, na katikati yake pu moja moja aliyoitupa kwa makosa, na Ephrasia akimwambia wazi wazi, "Baba, hiyo imeiva, irudishe."